Barua ya mzazi Frankfort: inayosomwa na inayoachwa

Basi la shule linachelewa wiki nzima, mwalimu wa Kiingereza wa mtoto amehamishiwa shule nyingine, na ukiuliza unaambiwa fedha hazitoshi. Mzazi wa Louisville au Lexington, jimboni Kentucky, Marekani, akilalamika kanisani, msikitini au kwenye ukumbi wa jumuiya, hakosi mtu wa kumwambia: "Mwandikie mbunge wako." Anaandika na kusubiri. Jibu haliji, au linakuja kutoka Washington likimweleza kwa upole kwamba jambo lake linashughulikiwa na jimbo. Kosa mara nyingi si Kiingereza chake. Barua ilikwenda kwa mtu asiyehusika, au ilimfikia anayehusika wiki mbili baada ya uamuzi kupita.

Hapa tunazungumzia Kentucky, kwa sababu wasemaji wa Kiswahili ni wengi katika miji yake miwili mikubwa na taratibu zake tunazifahamu. Ukiishi jimbo lingine tarehe na majina vitabadilika, lakini kazi yenyewe ni ileile.

Anza na neno seneta, maana ndilo linalowapoteza wengi. Kentucky ina maseneta wawili Washington, na hao hawapangi fedha za darasa la mwanao. Kisha kuna maseneta 38 na wawakilishi 100 wanaokutana Frankfort, mji mkuu wa Kentucky. Hao ndio Bunge la jimbo. Kila nyumba Kentucky ina mwakilishi mmoja na seneta mmoja wa Frankfort, na hujulikana kwa anwani ya nyumba tu. Ingia legislature.ky.gov, tafuta sehemu ya kumjua mbunge wako, andika anwani unayoishi sasa. Ukihama hata mitaa mitatu, rudia. Mpaka wa eneo la uchaguzi huweza kupita katikati ya barabara, wewe ukawa upande huu na jirani upande ule.

Elimu ni kazi ya jimbo kwa sababu ya msingi kabisa. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Katiba ya shirikisho haimpi mtu haki ya elimu. Katiba ya Kentucky, kwa upande wake, inalitaka Bunge liweke mfumo bora wa shule za umma kwa jimbo zima. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kentucky, katika kesi iitwayo Rose, ikaamua kwamba Bunge limeshindwa kazi hiyo na mfumo wote wa shule unavunja katiba. Mwaka uliofuata sheria ya elimu iliandikwa upya. Kwa hiyo ukiwaandikia Frankfort kuhusu shule huombi fadhila. Unawakumbusha kazi waliyopewa na katiba yao.

Lakini si kila kero ni ya Frankfort. Mwalimu mmoja mkali, adhabu isiyo ya haki, kituo cha basi kilichowekwa mahali pa hatari: hayo yaanzie kwa mkuu wa shule, kisha wilaya ya shule, kisha bodi ya elimu ya wilaya. Shule nyingi za Kentucky zina baraza lenye mkuu wa shule, walimu watatu na wazazi wawili wanaochaguliwa na wazazi wenzao. Shule ambayo asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi wake wanatoka katika makundi ya wachache lazima iwe na mjumbe wa makundi hayo. Wazazi wetu wengi hawajui hata siku ya uchaguzi huo, na ni uchaguzi mdogo mno, ambao familia chache zilizojipanga zinaweza kuubadilisha.

Kero ya mkalimani nayo ina njia yake. Shule inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na haifai kumtumia mtoto wako kama mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Hilo lidai shuleni, kisha wilayani, na likishindikana peleka malalamiko katika ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Mbunge wa jimbo atakuonea huruma tu.

Kuna mambo yenye milango miwili. Agosti 9, 2023, siku ya kwanza ya masomo Louisville, watoto wa mwisho walishushwa kwenye basi karibu saa nne usiku. Njia za mabasi zilipangwa na wilaya, kwa hiyo lawama ya njia ni ya wilaya. Lakini jimbo hurejeshea wilaya gharama za usafiri, na kwa miaka mingi Frankfort ilirejesha pungufu ya kile ambacho hesabu ya sheria yake yenyewe inataka. Mzazi aliyemwandikia mbunge "mabasi yanachelewa" alielekezwa wilayani. Anayeuliza "je, utaunga mkono bajeti inayolipa gharama yote ya usafiri?" hana kwa kuelekezwa, kwa sababu swali hilo ni la mbunge mwenyewe.

Fedha za shule Kentucky hugawanywa kwa hesabu iitwayo SEEK. Bunge huweka kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiliwekwa dola 4,586. Juu yake huongezwa sehemu kwa mtoto mwenye mahitaji fulani. Mtoto anayestahili chakula cha bure huongezewa asilimia 15. Mwenye ulemavu mkubwa huongezewa mara 2.35 ya kiwango cha msingi, na mwenye tatizo la kuzungumza tu asilimia 24. Mtoto anayejifunza Kiingereza, yaani mwanao aliyewasili mwaka juzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, huongezewa asilimia 9.6. Piga hesabu: ni kama dola 440 kwa mwaka mzima. Mwalimu mmoja wa Kiingereza halipwi kwa watoto kumi wa dola 440.

Namba hiyo ina nguvu kuliko aya tatu za uchungu. Mbunge wa shamba la mbali, asiyewahi kukutana na mtoto wa Kikongo, anaielewa, kwa kuwa ni namba ya sheria aliyoipigia kura au anayoweza kuibadilisha. Anaweza kukataa, ila hawezi kusema haimhusu.

Sasa wakati, ambapo barua nyingi nzuri hufia. Kikao cha Kentucky huanza Januari, Jumanne ya kwanza baada ya Jumatatu ya kwanza. Mwaka unaogawanyika kwa mbili kina siku za kazi 60 na lazima kimalizike kabla Aprili 15 haijapita. Mwaka mwingine kina siku 30 na mwisho wake ni Machi 30. Bajeti ya miaka miwili hupitishwa katika kikao kirefu. Katika kikao kifupi, muswada wa kutumia au kukusanya fedha unahitaji kura za tatu ya tano: 60 kati ya wawakilishi 100 na 23 kati ya maseneta 38. Ukiomba asilimia 9.6 ipandishwe katika mwaka mfupi unapanda mlima kwa magoti. Mwaka huo omba mambo ya sheria yasiyo ya fedha, kisha uweke msingi wa bajeti ijayo.

Muswada lazima usomwe siku tatu tofauti katika kila baraza la Bunge, la Wawakilishi na la Seneti. Hata hivyo, ukikimbizwa unaweza kupita mabaraza yote mawili ndani ya siku tano za kikao. Mzazi anayesubiri gazeti la Jumapili ameshachelewa. Mahali pa kuusimamisha, kuurekebisha au kuusukuma ni kamati: kamati inayoshughulikia elimu ya shule katika kila baraza, na Kamati ya Matumizi na Mapato kama kuna fedha ndani. Ukishatoka kamatini ukaenda kupigiwa kura ukumbini, wengi wa wabunge hufuata uamuzi wa kundi la chama chao. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ya kuandika ni siku moja kabla ya kamati kukutana, na bora iwe wiki moja kabla. Tovuti ya Bunge ina huduma ya kukutumia taarifa muswada unaoufuata unapogusa hatua mpya. Jiandikishe, ni bure.

Kabla ya kubonyeza kutuma, fungua tena ukurasa wa muswada. Kamati huweza kubadilisha maandishi yote usiku mmoja huku namba ikibaki ileile. Kuna wazazi hupinga kwa nguvu zote kifungu kilichoondolewa siku tatu nyuma, na anayesoma barua hiyo huhitimisha kwamba mwandishi amelishwa maneno.

Turudi kwenye barua yenyewe, na hapa malezi yetu ya Kiswahili yanatuangusha. Tumefundishwa kwamba barua bila salamu ni ukosefu wa adabu. Tunaanza na matumaini kwamba mpokeaji ni mzima wa afya, tunamshukuru Mungu, tunajitambulisha kwa ukoo na nchi, na shida inatokea ukurasa wa pili kama mgeni aliyebisha hodi mara tatu. Frankfort, anayefungua ujumbe husoma mistari miwili ya kwanza kutafuta mambo mawili: huyu anaishi katika eneo letu, na anataka nini. Asipoyaona, ujumbe huwekwa kando. Weka salamu moja fupi, kisha ingia ndani. Kwa Kiswahili, kabla ya kutafsiri, inakuwa hivi (HB ni alama ya muswada wa Baraza la Wawakilishi):

"Mheshimiwa Mwakilishi, naishi katika eneo lako, barabara fulani namba fulani, na watoto wangu watatu wanasoma shule fulani. Nakuomba upige kura ya ndiyo kwa muswada HB namba fulani, katika kamati ya elimu Jumanne ijayo. Binti yangu wa darasa la saba anajifunza Kiingereza na anapata dakika 30 za mwalimu wa lugha kwa siku, pamoja na watoto wengine 22. Jimbo linaongeza dola 440 tu kwa mwaka kwa mtoto kama yeye. Je, utaunga mkono muswada huu? Naomba jibu kwa barua pepe hii."

Imetosha. Maneno 150 ni mengi. Dakika na idadi ya watoto usizikisie. Mwulize mwalimu, naye atakwambia kwa furaha. Namba moja ya uongo ikigunduliwa itaharibu barua za wazazi wote wa shule hiyo. Na swali la mwisho liwe la ndiyo au hapana. Ukiomba "utusaidie katika elimu" utajibiwa kwamba mheshimiwa anathamini sana elimu, na hapo hamjasonga hata hatua moja.

Programu za kutafsiri kwenye simu zinasaidia, lakini zina mitego kwa lugha yetu. Muswada unaweza kugeuka mswada wa kitabu. Mbunge anakuwa mbunge wa Uingereza. Saa ndiyo mbaya kuliko zote: ukiandika "basi linakuja saa moja asubuhi", tafsiri inaweza kusema saa saba usiku, na msomaji atadhani huna akili au unatia chumvi. Andika saa kwa tarakimu za Kimarekani na alama zao za asubuhi na jioni, 7:00 a.m. au 10:00 p.m., halafu mpe mwanao wa sekondari asome kwa sauti. Kiingereza chenye makosa madogo hakina ubaya wowote. Kinaonyesha kwamba barua imeandikwa na mzazi wala si na ofisi.

Ndiyo maana barua za kunakili ni dhaifu. Zikija mia moja zenye maneno yaleyale, huhesabiwa kama jambo moja. Kumi zenye anwani kumi na maneno kumi tofauti kutoka mtaa mmoja ni kitu kingine. Mwakilishi mmoja Kentucky ana wakazi kama 45,000 tu. Mwenzake wa California ana karibu nusu milioni. Na usiwatumie wabunge wote 138. Mbunge asiye wako anatafuta anwani, haioni, anafuta. Anayestahili barua nje ya wawili wako ni mwenyekiti wa kamati yenye muswada, na hapo eleza kwamba unamwandikia kwa sababu ya cheo hicho.

Barua hizo za kunakili zina hatari nyingine kwetu, kubwa kuliko udhaifu wake. Nyingi huanza kwa kusema mimi ni mpiga kura niliyejiandikisha. Kama hujawa raia wa Marekani, usitie sahihi chini ya maneno hayo, hata kama aliyekuletea karatasi ni rafiki mwema wa kanisani. Kudai uraia usio nao ni kosa zito katika sheria za uhamiaji, na si jambo la kuchezea kwa ajili ya ombi la basi. Lakini kumwandikia mbunge hakuhitaji uraia, kadi ya kijani wala kura. Haki ya kuiomba serikali irekebishe jambo ni ya kila mtu, na sensa inayotumika kuchora mipaka ya eneo la mbunge huyo huhesabu kila mkazi, raia na asiye raia. Andika "mkazi" na "mzazi". Hakuna sababu ya kutaja hadhi yako ya uhamiaji wala ya mtu mwingine. Jina kamili la mtoto, ugonjwa wake na picha yake pia vibaki nyumbani. Barua na ushahidi wa kamatini vinaweza kusomwa na watu usiowajua. Na kama kuna anayekutisha kwamba mtoto asiye na karatasi atafukuzwa shule, uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1982, katika kesi iitwayo Plyler, bado ndio sheria: shule ya umma haiwezi kumnyima nafasi.

Asiyependa kuandika apige simu. Kentucky ina laini ya ujumbe kwa Bunge, 1-800-372-7181, ambapo mhudumu huchukua jina, anwani na ujumbe, kisha huupeleka kwa mbunge. Huhitaji kuzungumza na mheshimiwa mwenyewe wala kujibizana. Andika sentensi mbili kwenye karatasi kwanza: naunga mkono, au napinga, muswada namba fulani, kwa sababu moja. Uzisome. Unaweza kuomba ujumbe uleule upelekwe kwa kamati nzima, na hilo wengi hawalijui. Simu huchukua dakika chache, na mtu mwoga wa Kiingereza ataona ni rahisi kuliko kumpigia daktari.

Kutoa ushahidi kamatini kuna utaratibu wake, na kila jimbo hapa linakwenda njia yake. Maine, walipo Wakongo wengi wa Portland na Lewiston, hufanya kikao cha hadhara kwa kila muswada, na kila mtu hupewa dakika chache. Texas, ambako Bunge hukutana siku 140 tu katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, mtu hujiandikisha siku ileile ndani ya jengo. Kentucky, mwenyekiti ndiye anayeamua nani aseme. Kufika Frankfort bila kuwasiliana kabla kunaweza kukupa kiti cha kusikiliza tu, baada ya kupoteza mshahara wa siku. Piga simu kwa mbunge aliyeleta muswada, mwambie wewe ni mzazi mwenye jambo la dakika mbili, umwombe akuweke kwenye orodha yake. Ukihitaji mkalimani, sema siku hiyohiyo unapoomba nafasi, na ujue dakika zako mbili zitakuwa moja, kwa kuwa nusu ni ya tafsiri. Kata hotuba iwe nusu kabla ya kwenda.

Kumtembelea mbunge ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, hasa nje ya kikao. Wabunge wa Kentucky si wa kudumu. Wana mashamba, maduka, ofisi za sheria, na wengine ni walimu wastaafu. Nendeni watatu au wanne, wote wakazi wa eneo lake, mmoja akiwa msemaji. Mna dakika 15. Mzee akitaka kuanza na historia ya vita vya Kivu, mzuieni kwa heshima. Hadithi ni ya kweli na nzito, lakini dakika 15 zitakwisha kabla mtoto hajafika darasani. Acheni karatasi moja yenye namba ya muswada, ombi, na simu ya msemaji. Hakuna zawadi, hata kitenge. Kentucky ina sheria kali za maadili kuhusu nani anampa nini mbunge, na mzazi asiyelipwa na mtu hahitaji kujitafutia maelezo ya ziada.

Muswada ukipita, gavana ana siku kumi bila kuhesabu Jumapili: atie sahihi, aukatae, au auache uwe sheria bila sahihi yake. Watu wengi huhamishia nguvu zote kwa gavana wakati huo. Ni vizuri, ila mjue Kentucky Bunge hulibatilisha katazo lake kwa wingi wa kawaida wa wajumbe, kura 51 na 20, si theluthi mbili kama Washington. Chama chenye wingi mkubwa kikiamua, katazo hudumu siku chache. Kazi ilikuwa kamatini.

Orodha ya kura hubaki kwenye tovuti, jina kwa jina. Angalia wawili wako walivyopiga. Aliyekupa kura mwandikie mistari miwili ya shukrani. Barua za shukrani ni chache kiasi kwamba hukumbukwa. Aliyekukatalia mwulize sababu bila kejeli, kwa kuwa muswada ulioshindwa mara nyingi hurudi mwaka unaofuata. Tangu Juni mpaka mwishoni mwa mwaka Kamati ya pamoja ya Elimu, wawakilishi na maseneta, hukutana karibu kila mwezi bila haraka ya kura, na hapo ndipo wazo la kupandisha asilimia 9.6 linapoweza kusikilizwa hadi mwisho. Shule hufunguliwa Agosti. Mwaliko wa mbunge kuja kukaa dakika 30 katika darasa la watoto wanaojifunza Kiingereza uandikwe Julai, na kabla ya kuutuma zungumza na mkuu wa shule, maana wilaya ina utaratibu wake wa wageni na haipendi kushtukizwa.